«La Vie est belle»: Papa Wemba alituchekesha, kisha tukaanza kuhesabu

Ndugu wafanyakazi, mama zetu wa cité, na ninyi vijana munaosoma gazeti la baba mbele ya kufungia ndani yake karanga: mara hii hatutaanza na bei ya shaba wala ya kobalti. Tutaanza na filme ya kuchekesha.

Ilikuwa Siku ya Posho jioni, katika uwanja mudogo nyuma ya ofisi yetu ya sindika, hapa Kolwezi. Tulitundika mashuka mawili meupe ku ukuta. Moja lilitoka kwa mama mwenye kutunza sanduku letu, na lingine kwa delege mumoja ambaye mupaka leo bibi yake anamuuliza juu ya matundu ya misumari. Projekta tuliazima ku parokia. Grupu ya umeme ilikuja ku pusipusi, ikisukumwa na vijana wanne, na mafuta yake tulichanga kila mutu kidogo. Viti vilikuwa 40. Watoto peke yao walivijaza jua lingali juu.

Filme yenyewe ni La Vie est belle, maana yake «Maisha ni mazuri», ile ya mwaka 1987 ambamo Papa Wemba njo muchezaji mukubwa. Wengi wetu tuliiona tukiwa watoto, ku kaseti za video zilizochoka, picha ikitetemeka sawa mutu mwenye malaria. Vijana wetu wengi walikuwa hawajaiona hata mara moja.

Lakini mbele tuanze, mama mumoja alisimama. Bwana yake alikuwa anafanya kazi ku kampuni moja ya sutretans, zile zinazopewa kazi na kampuni kubwa kisha zinaandika watu kwa miezi mitatu mitatu. Mama akaweka mikono kiunoni na kusema:

«Ba delege, miye niko na swali. Mwezi unaisha, franga haiyaingia, batoto banafukuzwa ku masomo. Na ninyi munatuita tukuye kuona filme ya jina Maisha ni mazuri? Maisha ya nani?»

Watu walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Sisi wa komite tuliangaliana. Swali lake lilikuwa lile lile lililotugombanisha katika mukutano wetu. Wamoja walisema kwamba mufanyakazi anayedai mushahara hana haja ya kuchekeshwa, ana haja ya kulipwa. Wengine wakajibu kwamba mikutano yetu mitatu ya nyuma ilikusanya watu tisa tisa, na kati ya hao tisa, saba ni sisi wenyewe. Kama watu wamechoka kusikia maneno yetu, pengine watakuja juu ya Papa Wemba. Tulipiga kura, na Papa Wemba alishinda kwa sauti moja tu.

Tukamujibu yule mama: «Mama, ikala kidogo. Kama filme inaisha na swali yako ingali pale, tutaanza nayo.» Akaikala. Hakukubali, aliikala tu.

Boyi na patron wake

Kwa wale ambao hawakuwa pale, tueleze kidogo. Papa Wemba anacheza kijana mumoja, jina lake Kourou. Anatoka kijijini, anajua kupiga likembe, lakini roho yake inataka muziki wa umeme: gitaa, mikro, radio na televizio. Basi anaenda Kinshasa. Na Kinshasa, sawa vile munajua, haingojei mutu. Kourou anatafuta kazi ili ale, na kazi anayoipata ni ya uboyi: kufagia, kuosha, kutumwa huku na kule katika nyumba ya patron mumoja, Nvouandou.

Huyu Nvouandou ni mutu mukubwa. Ana franga, ana bibi anayeitwa Mamou, na ana baa ya muziki ya usiku, mahali pale pale ambapo Kourou angetaka kuimba. Lakini patron ana shida moja ambayo franga haiwezi kununua dawa yake: nguvu za kiume zimemukimbia. Anaenda kwa mufumu. Mufumu anamuagiza aoe bibi wa pili, musichana ambaye hajajua mwanaume, na akae naye siku 30 bila kumugusa. Hapo muchezo unaanza. Maana musichana ambaye patron anamutaka ni Kabibi, na Kabibi njo huyo huyo ambaye boyi Kourou anamupenda. Boyi na patron wanamukimbilia musichana mumoja, na boyi hajui anashindana na nani.

Hatutaeleza mambo yote, juu kuna watu bado watakuja kuiona. Tuseme tu kwamba kuna kujificha, kuna wivu, kuna mama mwenye nyumba ambaye si mujinga, na kuna kijana ambaye mwishowe anashika mikro na watu wanamusikiliza.

Sasa, filme hii inasemwa kwa Kifaransa, na kati ya mama zetu wengi hawakusikia maneno yote. Muzee mumoja, aliyeendesha treni ya madini miaka mingi mbele ya pensheni, akajitolea kutafsiri. Alisimama pembeni ya shuka na fimbo yake kama katekista. Mwanzo alitafsiri sawasawa. Nyuma ya dakika kumi alianza kuongeza yake. Patron alipokuwa ku mufumu, muzee alisema: «Anaambiwa siku makumi tatu! Sawa vile sisi tunaambiwaka: mushahara mutapata kisha siku makumi tatu! Na iyi dawa haiponeshake mutu!»

Uwanja wote ulipasuka kwa kicheko. Wanaume walipigana mabega. Mama mumoja alimwaga munkoyo wake juu ya jirani. Na yule mama mwenye swali, sisi tuliokuwa nyuma tulimuona: alifunika kinywa kwa kitenge, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nani anachekwa?

Baadaye tulifikiri sana juu ya kile kicheko. Maana kicheko kiko namna nyingi.

Wazee wetu waliokulia katika kampi za Union Minière wanakumbuka sinema ya kampi. Filme zilikuwapo hata wakati wa wakoloni. Lakini zile zilizoonyeshwa kwa Wakongomani zilichaguliwa na wakubwa wa kazi, serikali na wamisionari, na nyingi zilikuwa za mafundisho: usafi, utii, kufika ku kazi kwa saa. Kulikuwa pia za kuchekesha. Wazee wanakumbuka Matamata na Pilipili, mumoja munene, mwingine mwembamba, filme zilizotengenezwa na padri Mubelgiji huko Kasai katika miaka ya 1950. Watu walicheka sana, na hatuwezi kuwalaumu. Lakini angalieni vizuri: pale aliyechekwa alikuwa mara nyingi mwenyeji, anayeiga mambo ya muzungu na kuyaharibu, kisha anafundishwa adabu.

Katika La Vie est belle mambo yamegeuka. Boyi anachekesha, ndiyo, juu ana akili na maneno mepesi. Lakini anayechekwa ni patron. Gari, suti, franga, na katikati mutu anayeogopa bibi yake na kuhesabu siku kama mutoto anayengoja Noeli. Hakuna anayemutukana. Hakuna hotuba. Filme inamuweka tu mbele yetu bila ukuta wa ofisi, na tunaona kwamba ni mutu.

Kwa watu wanaoshinda siku nzima wakisema «ndiyo patron», hiki si kitu kidogo. Sisi tunaofanya kazi ya sindika tunajua: adui wa kwanza wa mufanyakazi katika mukutano si mukubwa wa kazi, ni woga. Tunaweza kumusomea mutu sheria kutoka asubuhi mupaka mangaribi, kama anaogopa hatasikia hata neno. Lakini mutu aliyecheka patron kwa saa moja na nusu, pamoja na majirani wake, woga unapungua kidogo. Hauishi. Unapungua.

Mwana wa Bukavu nyuma ya kamera

Tuseme pia juu ya waliotengeneza filme hii, juu ni haki yao. Waliiongoza wawili: Benoît Lamy, Mubelgiji, na Ngangura Mweze, mutoto wa inchi yetu aliyezaliwa Bukavu mwaka 1950. Huyu wa pili alisomea kazi ya filme huko Ubelgiji, kisha mwaka 1982 akatengeneza Kin Kiesse, filme ya kweli juu ya furaha na kelele ya Kinshasa. Nyuma ya La Vie est belle alitengeneza Pièces d'identités, na hiyo ilimupatia zawadi kubwa kuliko zote ku FESPACO ya Ouagadougou mwaka 1999. Basi mutu akisema kwamba filme ni kazi ya wazungu na Wamarekani, mutajieni mwana wa Bukavu.

Na Papa Wemba? Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Shungu Wembadio. Alizaliwa mwaka 1949 huko Lubefu, Sankuru. Mama yake alikuwa muimbaji wa matanga, mwanamuke anayeitwa kulilia wafu kwa nyimbo, na mutoto alijifunza sauti ile pembeni yake. Mama zetu wanaoimba usiku kucha kwenye kilio cha mufanyakazi aliyefia chini ya udongo wanajua sauti kama ile inatoka wapi. Mwaka 1969 alikuwa kati ya walioanzisha Zaïko Langa Langa, na mwaka 1977 akaunda Viva la Musica. Mavazi yake na ya vijana wa Matonge yaliyoitwa Sape, hayo munayajua. Hata katika kampi zetu kuna baba waliokopa mushahara wa miezi miwili juu ya viatu.

Hakuwa malaika. Mwaka 2004 korti la Ufaransa lilimuhukumu juu ya kusaidia watu kuingia Ulaya bila ruhusa. Na tarehe 24 Aprili 2016 alianguka juu ya jukwaa huko Abidjan akiwa anaimba, akafa. Mutu wa kazi aliyefia ku kazi. Sisi wa mugodi tunaelewa kifo cha namna ile.

Tarehe hiyo ya 24 Aprili inatukumbusha jambo lingine. Ni siku hiyo hiyo, mwaka 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja cha siasa, na mulango ukafunguliwa pia kwa sindika nyingi. Mbele ya hapo, kwa zaidi ya miaka ishirini, inchi ilikuwa na sindika moja tu, UNTZA, na ile ilitembea mukono kwa mukono na chama. Basi Kourou wa mwaka 1987, hata kama angetaka kulalamika, angeenda kulalamika wapi?

Na tukumbuke inchi ilikuwa namna gani. Mwaka 1986 Gécamines ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Katika Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka, na mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Filme hii ilitengenezwa pale juu ya mulima, kidogo tu mbele ya muteremko. Pengine njo maana inatuumiza kidogo hata tukicheka. Tunaangalia wale watu wa Kinshasa wanavyocheza, na tunajua kitu ambacho wao hawajui bado.

Swali la mama linarudi

Filme iliisha. Muziki ulikuwa bado unalia, watoto walikuwa wanacheza mbele ya shuka, vivuli vyao virefu kuliko Papa Wemba mwenyewe. Tukaomba fundi apunguze sauti, na sisi wa komite tukajitayarisha kujibu. Yule mama alisimama tena. Lakini swali lake lilikuwa limegeuka.

«Minaona filme. Ni muzuri, sitasema bongo. Sasa muniambie: uyu Kourou, patron alikuwa anamulipa ngapi kwa mwezi?»

Kimya. Muzee mutafsiri alikuna kichwa: «Mama, miye nilikuwa naangalia Kabibi, sikuangalia mushahara.»

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Akageuka kwa bwana yake, aliyekuwa nyuma na wenzake.

«Na weye, baba Kalume, banakulipa ngapi?»

Hapo njo kicheko kilikatika. Baba Kalume, ambaye hilo si jina lake la kweli, aliangalia viatu vyake. Wanaume wengine nao wakaangalia viatu vyao. Kwa dakika moja uwanja mzima ulikuwa unachunguza viatu, kama ku duka.

Tuseme ukweli, sisi kwa sisi. Wanaume wengi wa mugodi hatuwaambii bibi zetu tunalipwa ngapi. Tunasema ni juu ya amani ya nyumba. Lakini siri ile haikai nyumbani tu. Mutu aliyezoea kumuficha bibi anamuficha pia mwenzake wa ekipe. Na katika kampuni ile ya sutretans, wakubwa walikuwa wamewaambia wafanyakazi kwamba mushahara ni siri ya kila mutu na kuonyeshana karatasi ni kosa. Vizuri sana kwa mwenye kulipa! Kama hakuna anayejua mwingine anapata nini, hakuna anayejua kama anaibiwa.

Muzee wetu alitikisa fimbo yake: «Basi ninyi wote ni Kourou! Munakimbilia kitu kimoja na muko naye nyumba moja, na hamujui.»

Hakuna hotuba yetu hata moja iliyowahi kusema jambo hili vizuri hivyo.

Karatasi 12 juu ya meza

Juma lililofuata tulifanya mukutano wa kawaida, bila filme, bila munkoyo. Walikuja watu wengi kuliko viti. Tuliwaomba kitu kimoja tu: kila mutu alete karatasi yake ya mushahara. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamulazimisha mukubwa wa kazi kumupa mufanyakazi hesabu iliyoandikwa kila anapomulipa. Si zawadi, ni sheria.

Tulipata karatasi 12. Zingine zililetwa na wanaume wenyewe, zimekunjwa mara nne. Zingine zililetwa na mama, zilitoka mu mifuko ya suruali siku ya kufua. Hatukuuliza zaidi.

Tulizipanga juu ya meza sawa watu wanaocheza karata. Na karata zilisema. Watu wawili, kazi moja, ekipe moja, siku moja ya kuanza, lakini mushahara tofauti. Saa za kazi zilizoandikwa zilikuwa 45 kwa juma kwa watu wote, mwezi kwa mwezi, kwa sababu 45 njo kipimo cha sheria. Lakini wale vijana walikuwa wanaingia mbele ya jua na kutoka usiku, na Siku ya Posho pia. Saa za kuzidisha hazikuonekana mahali popote. Kuna mumoja alikatwa franga ya kofia ya usalama, kofia ile ile ambayo bila yake hawamuruhusu kuingia ku kazi.

Tuliandika yote. Tulipeleka kwa enspekta wa kazi. Tuliitwa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu tulikaa ku banki ya mbao kutoka asubuhi mupaka saa ya bukari. Mwishowe kampuni ilikubali kulipa saa za kuzidisha za miezi miwili na kurudisha franga ya kofia. Za miezi mingine tungali tunasumbuana.

Hapa tungependa kufunga habari, na muziki uanze, sawa katika filme. Lakini gazeti linasomwa na watu wanaojua. Mwisho wa mwezi mikataba ya miezi mitatu iliisha, na wawili kati ya wale 12 hawakuandikwa tena. Hawakuelezwa sababu. Mumoja wao ni baba Kalume.

Tulienda nyumbani kwake, komite yote, vichwa chini. Tulijua kwamba pengine tungemukuta mama na maneno makali, na tulistahili. Alikuwa anakaanga vitumbula vya kuuzisha. Hakutukaribisha mara moja. Kisha akasema:

«Banaume bangu, musiniangalie sawa muko ku kilio. Mwezi ile tulikuwa na mushahara, nilikuwa sijue ni ngapi. Sasa hatuna, lakini nayua ni ngapi banatupasha. Mulete hesabu ya zile saa zote, mbele ya kuleta filme ingine.»

Tangu siku ile, kila Siku ya Posho tunapita kwake na kumuonyesha daftari. Likelemba ya mama wa sindika imemupa zamu yake mbele ya wakati. Baba Kalume anafanya vibarua vya hapa na pale, na faili yake iko kwa enspekta pamoja na ya mwenzake. Haijaisha. Hatutaki kuwadanganya kwamba imeisha.

Kitu ambacho filme haikutuonyesha

Basi tunafikiri nini juu ya La Vie est belle? Tunasema: iangalieni. Iangalieni na watoto, na mama zenu, na yule muzee wa jirani anayependa kutafsiri. Chekeni bila haya. Filme ya kuchekesha si kupoteza wakati kwa mutu masikini. Yeye ana haki ya kucheka sawa vile ana haki ya kulala.

Na musiangalie Papa Wemba peke yake. Angalieni Mamou, bibi wa nyumba. Wanaume wanamuona kama bibi mwenye wivu. Mama zetu walimuona namna ingine: mwanamuke ambaye patron amemupangia bibi wa pili bila kumuuliza, na ambaye anaanza kufungua macho juu ya mambo ya nyumba yake. Mulimusikia muzee akisema «ninyi wote ni Kourou». Mama mumoja alimujibu taratibu: «Bamoja kati yetu ni Mamou.»

Lakini kuna kitu kimoja ambacho filme haikutuonyesha, na hatuilaumu, juu si kazi yake. Kourou anapanda peke yake. Ana sauti, ana bahati, ana rafiki wawili watatu, na mulango unafunguka. Kesho yake patron atatafuta boyi mwingine. Na huyo boyi mwingine labda hajui kuimba.

Sisi wengi wetu njo yule boyi mwingine. Hatujui kuimba, mutulize wale waliotusikia ku kanisa. Sauti ya mumoja mumoja wetu haifiki ku mikro. Kwa hiyo hatuna njia ila kuweka karatasi zetu juu ya meza moja. Ile njo likembe yetu. Jino moja la likembe linalia «ting» tu, na hakuna anayegeuka. Yakilia pamoja, hata patron ndani ya baa yake anauliza: nani anapiga pale?

Filme ingine tutaonyesha, komite imekubali, na mara hii bila kura. Tunatafuta mashuka. Yule delege wetu amekataza kabisa la kwake.

Na gazeti hili, mukimaliza kulisoma, fungieni karanga, hatutakasirika. Lakini karatasi ya mushahara, hapana. Ile muitunze mu kopo, mbali na panya na mvua, na bibi ajue kopo liko wapi.